Mheshimiwa wa Juu ya Mkangazi

Jamhuri ya Shwari ni nchi nzuri sana, na anayebisha ahamie kwingine akishapata pasipoti. Haimo kwenye ramani kwa sababu mtu aliyeteuliwa kuichora bado anasubiri kibali cha kununua penseli. Lakini ipo. Ina milima, ina mito, ina wizara thelathini na saba, na kwenye kona yake ya kusini ina Hifadhi ya Msitu wa Kingwele, yenye aina mia nne na sita za ndege. Idadi hiyo ilipitishwa na Bunge, kwa hiyo haipungui.

Hapo ndipo alipofanya kazi Bi. Chausiku Ndauka, mtazama ndege daraja la pili. Kwa miaka kumi na tisa aliamka kabla ya jua, akavaa sweta lake la rangi ya majani makavu, akaning'iniza shingoni darubini iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaingia msituni taratibu kama mtu anayepita mlangoni pa mgonjwa. Alikaa kimya, akatazama, akasikiliza, akaandika. Akimaliza kuandika alishika kazi yake ya pili, ambayo hakutumwa na mtu: kutungua mifuko ya plastiki matawini kwa ufito mrefu wenye ndoano. Mifuko ililetwa na upepo kutoka mjini. Aliwahi kumkuta hondohondo amekufa, mfuko umemkaba shingo, na siku hiyo hakula. Aliichukia mifuko kuliko nyoka, maana nyoka, alisema, angalau anajua anaishi kwa ajili ya nini.

Tatizo ni kwamba mifuko hiyo haikuwepo. Miaka miwili nyuma Waziri wa Viumbe Virukavyo, Mheshimiwa Daktari Gervas Bungara, alisimama uwanja wa taifa akatangaza kuwa mfuko wa plastiki umetokomezwa Shwari nzima, akapigiwa mizinga, akajivisha nishani. Tangu siku ile, aliyesema ameona mfuko alikuwa ameona uchochezi. Chausiku, ambaye hakuwa mjinga, aliiandika kwenye taarifa zake kama "majani yasiyo ya kawaida", na taarifa zikapita.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tatu, chini ya mkangazi mkubwa wa kando ya kijito, akamwona chozi wa kilemba cheupe.

Ndege mwenyewe si mkubwa. Ukimfumbata mkononi unaweza kusahau umeshika nini. Kifua kijani cha kung'aa, mdomo umepinda kidogo, na utosini manyoya meupe yamejizungusha kama kilemba cha bwana harusi aliyechelewa. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Wataalamu walishamsomea hitima, na yule aliyekaushwa kwa ajili ya makumbusho aliliwa na nondo. Na sasa yupo hapa, mzima, anaruka huku na huku na mkewe wa kijivu, wanasokota kiota kwa utando wa buibui kwenye ncha ya tawi la chini kabisa. Chausiku alijiziba mdomo kwa kiganja. Alilia, kisha akacheka, kisha akaandika tarehe.

Aliposimama ili aondoke, ndipo alipoiona alama nyekundu ya X kwenye shina la mkangazi.

*

"Ndiyo, unakatwa Jumatatu," alisema Mkurugenzi wa Hifadhi, Bwana Kondo Mapunda, bila kuinua macho kwenye andazi lake. "Tunajenga Jukwaa la Taifa la Kutazamia Ndege. Viti mia sita, zulia jekundu, choo cha waheshimiwa. Mbao zitatoka humu humu hifadhini. Tunathamini vya kwetu."

"Mkuu, ule mti una kiota cha chozi wa kilemba cheupe. Nimemwona leo kwa macho yangu."

"Huyo alikwisha zamani."

"Hakwisha. Anajenga nyumba."

"Chausiku," alisema Mkurugenzi kwa huruma, "wewe unafikiria ndege. Sisi wenzako tunafikiria sekta."

Hata hivyo sheria ilikuwepo, na Chausiku aliijua kwa moyo: mti wowote alipoonekana ndege adimu hautakatwa mpaka ndege huyo ahame kwa hiari yake. Alijaza fomu nakala nane, akabandika picha zake mbili za pasipoti. Jibu lilirudi siku ile ile, na wafanyakazi wote wakaenda kulitazama jibu lililorudi siku ile ile. Liliandikwa hivi: "Ndege aliyeonwa na ofisa wa daraja la pili ni tetesi. Ndege huanza kuwepo anapoonwa na daraja la saba na kuendelea. Tunakutakia kazi njema."

Pale Kingwele mkubwa wa wote alikuwa Mkurugenzi, daraja la sita. Daraja la saba lilikaa mji mkuu na halikupenda matope. Lakini Jumamosi Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kuweka jiwe la msingi la jukwaa, na Waziri alikuwa daraja la ishirini na mbili. Chausiku akapiga hesabu yake chini ya mkangazi. Kiota kilikuwa kimekamilika, na ndani mlikuwa na mayai mawili, kila moja dogo kuliko haragwe. Msumeno ulikuwa Jumatatu. Katikati palikuwa na Jumamosi moja, na katika Jumamosi hiyo ilibidi Waziri amwone ndege mwenye ukubwa wa kidole gumba.

Alichukua karatasi akaandika ushauri kwa Kamati ya Mapokezi: Mheshimiwa afike kabla jua halijachomoza, aje na watu wachache, pawe kimya, nguo ziwe za rangi ya majani.

Kamati ilipokea ushauri kwa mikono miwili, ikauboresha. Kabla jua halijachomoza ikawa saa tano, maana Mheshimiwa ndiye jua. Watu wachache wakawa magari arobaini. Kimya kikawa bendi ya matarumbeta iliyoelekezwa kupuliza kwa adabu. Rangi ya majani waliizingatia kikamilifu: walishona vitenge vyenye sura ya Waziri, na sura yenyewe ilikuwa ya kijani.

*

Jumamosi saa saba Waziri akafika. Ndege wa Kingwele, ambao hawajawahi kusikia ving'ora, waliondoka kwa makundi kuelekea nchi jirani, na Kamati ikamweleza kuwa ni gwaride la heshima. Waziri alilipigia saluti.

Kisha akahutubia. "Wananchi, na nyinyi ndege wetu! Serikali yenu inatambua mchango wenu katika kuruka. Zamani ndege wa nchi hii waliruka kiholela. Kila mmoja na upande wake! Leo mnaruka kwa mpango kazi wa miaka mitano. Na bado. Mimi ninaota siku ambayo ndege wa Shwari hataruka kabisa, kwa sababu kila anachokihitaji atakuwa ameletewa tawini."

Walipiga makofi mpaka vumbi likainuka. Chausiku alipenya katikati ya vitenge, akasukumwa, akarudi, akasukumwa tena, mpaka mpambe mmoja akamwonea imani na kumpa dakika mbili.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Una kero gani?"

"Sina kero, mheshimiwa. Nina ndege. Alidhaniwa ametoweka, na yupo juu ya mti huu. Ukimwona tu, mti umepona. Tafuta mwenye kilemba cheupe."

Alikuwepo kweli, Mungu amwekee. Bendi yote ile na chozi hakwenda popote. Alining'inia kando ya mlango wa kiota chake, kilemba kimemsimama kwa hasira. Chausiku alinyoosha mkono: tawi la chini, kushoto. Waziri akainua darubini ambayo kuibeba kulihitaji watu wawili. Lakini Mheshimiwa Bungara hakuwa mtu wa kushughulika na matawi ya chini. Alianzia kileleni, akabaki huko huko.

Na kileleni, mahali ambapo ufito wa Chausiku haufiki, upepo wa Ijumaa ulikuwa umetundika mfuko mweupe wa plastiki, mkubwa, wa mikono miwili. Ulijaa hewa ukatuna, ukapiga makofi peke yake.

"Namwona!" alipiga kelele Waziri. "Allah! Dude zima! Kumbe yeye mzima ni kilemba!"

"Nami namwona, mheshimiwa," alisema Mkurugenzi upesi.

"Ana macho ya upole," alisema Mkuu wa Wilaya.

"Anatupungia," alisema Katibu Mkuu, akampungia na yeye. Kiongozi wa bendi, ambaye hakutaka kuachwa nyuma, alisema amemsikia akiimba, tena kwa noti zilizo sahihi.

Chausiku alifumbua mdomo. "Mheshimiwa, ile ni..."

Bendi ilinyamaza. Watu wote waligeuka wakamtazama, na nyuso zote za kijani vitengeni zikamtazama.

"Ni nini, mama?" aliuliza Waziri.

Alitazama tawi la chini. Mke wa chozi alikuwa anaingia kiotani kulalia mayai yake, kana kwamba hakuna serikali duniani. Kusema ni mfuko ni kumfufua marehemu ambaye Waziri alimzika kwa mizinga. Chausiku atalala mahabusu, na Jumatatu msumeno utakuja.

"Ni yeye, mheshimiwa," alisema Chausiku. "Ndiye huyo huyo."

Alishangiliwa, akapewa kitenge. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika hata kunguru mmoja ambaye hakumwona, na sasa aliona haya kuinua macho mbele ya ndege wake. Jioni ile yule yule aliyepaka X alikuja na sabuni na brashi akaisugua.

*

Mfuko ulipewa hadhi ya Mheshimiwa Ndege, pamoja na walinzi sita chini ya Afande Sijaona. Redio ya taifa ilianza kutoa hali yake kila asubuhi kabla ya bei za mazao: Mheshimiwa ameamka salama, Mheshimiwa amepokea upepo kutoka mashariki. Watalii walikuja kutoka mbali na lenzi ndefu. Walitazama juu, wakatazamana, wakaelezwa kwa upole kwamba kuona kitu kingine ni kosa.

Amri ya walinzi ilikuwa fupi: kiumbe chochote kisimkaribie Mheshimiwa. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, siku ambayo mti ulipaswa kukatwa na haukukatwa, Chausiku alimkuta Afande Sijaona amevuta manati, jicho moja kalifumba, anamlenga chozi.

"Acha!" Alisahau kabisa kwamba msituni huwa hapigi kelele.

"Shikamoo, mama. Huyu kidudu anazurura eneo la kiongozi."

"Marahaba, mwanangu. Shusha hiyo manati." Chausiku alitafuta neno, akalipata. "Huyo ni mtumishi wake."

Sijaona alilegeza mpira. "Mheshimiwa ana watumishi?"

"Umewahi kuona mheshimiwa asiye na watumishi?"

Hilo lilikuwa na mantiki. "Na yule wa kijivu?"

"Mke wa mtumishi. Wanakaa kwenye kibanda cha uani, kile pale kinachoning'inia."

"Ungesema mapema, mama, ningempiga bure." Akatoa daftari la getini. "Lakini lazima wasajiliwe. Hapa haingii mtu bila kuandikwa."

Na akaandika. Mtu yule, ukimpa daftari, alikuwa hana mchezo. "Saa kumi na mbili na dakika nne, mtumishi wa kiume kaingia, kabeba buibui. Dakika kumi na moja, katoka mikono mitupu. Dakika kumi na tisa, mke kaingia na kiwavi, kakaguliwa kwa macho, hana silaha." Kutwa nzima, siku zote, zamu kwa zamu. Chausiku alilisoma daftari lile kila jioni huku moyo unamruka, kwa maana hakuna mtazama ndege duniani aliyewahi kuwa na taarifa nzuri namna hiyo. Mayai yalianguliwa. Sijaona aliripoti "ongezeko la wategemezi wawili" na kuomba maelekezo. Maelekezo hayakuja, wategemezi wakaendelea kukua.

Zilibaki siku tano tu waruke, na Chausiku alikuwa ameanza kupata usingizi, pale Mkurugenzi alipokumbuka kwamba jukwaa bado halina mbao. Alituma mtu na kopo la rangi. Miti kumi na miwili iliyouzunguka mkangazi ikapigwa X jekundu. Mmoja ulikuwa na viota vya mnana, mwingine bundi wawili wazee, mwingine kurumbiza ambaye Chausiku alimjua kwa sauti tangu akiwa kinda. Yeye aliizunguka yote, akaigusa kila mmoja, akarudi nyumbani bila kuandika neno.

Kesho yake, Jumatano alasiri, ikaja tufani.

*

"Mama, ameondoka!" Afande Sijaona alikuwa amelowa chapachapa, kofia mkononi. "Kaondoka na upepo. Hakuaga hata!"

Chausiku alitazama juu. Kileleni palikuwa peupe, mawingu tu. Alitazama chini: kiota kipo, na kwenye mlango wake midomo miwili ya manjano imefunguliwa wazi inadai chakula. Mabawa yao bado yalikuwa vijiti.

"Umeripoti?"

"Bado. Mkurugenzi keshaona lakini. Anasema ndege akishahama kwa hiari, mti ni mbao. Keshajaza petroli kwenye msumeno. Anasubiri tu taarifa yangu iwe kwenye karatasi."

"Na taarifa utaandika lini?"

Sijaona alijifuta uso. "Kawaida naandika baada ya chai ya saa nne asubuhi. Kabla ya chai mimi siandiki jambo kubwa."

Chausiku hakusubiri aseme zaidi. Alitembea mpaka mjini na kufika sokoni meza zikiwa zinaanza kufunikwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Semeni, muuza dagaa.

"Naomba mfuko."

Mama Semeni aligeuza shingo kushoto na kulia. "Mifuko haipo, mama. Si unajua?"

"Najua haipo. Nipe mmoja mkubwa."

"Rangi gani?"

"Mweupe."

"Myeupe imekwisha. Ofisi ya Mkurugenzi wamechukua yote, ya kufungia maandazi." Akaingiza mkono chini ya meza. "Nina wa bluu."

Asubuhi, walinzi walipokwenda kunywa chai, Chausiku alivua viatu akapanda mkangazi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na mara ya mwisho kupanda mti ilikuwa kabla hajaolewa. Goti la kwanza lilichubuka mapema, la pili likafuata. Alipopita karibu na kiota, makinda walisikia tawi likitikisika, wakadhani ni mama, wakafumbua midomo kumwelekea. "Sina kitu, wanangu," aliwanong'oneza. "Nina uchafu tu."

Huko juu alitoa mfuko kifuani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kufungua mafundo ya namna hii, na sasa alikaza fundo la kwanza, la pili, la tatu, akalivuta kwa meno. Upepo ukaujaza. Ukatuna, ukapiga makofi.

Alipofika chini, Afande Sijaona alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai mkononi. Hakuna ajuaye alisimama muda gani. Alitazama juu. Alitazama magoti ya Chausiku. Kisha akatazama kiota, muda mrefu kuliko alivyotazama vingine vyote.

"Amerudi," alisema.

"Amerudi," alisema Chausiku.

"Mbona bluu?"

"Amebadili manyoya. Ni msimu wake."

"Na hayo mafundo miguuni?"

"Pete, afande. Ndege muhimu lazima avalishwe pete, asipotee."

Sijaona alikunywa chai yake taratibu mpaka ikaisha. Kisha akafungua daftari, akaandika huku akitamka: "Saa nne na dakika arobaini. Mheshimiwa amerejea kutoka ziara ya kikazi. Amebadili suti." Akafunga daftari, akasogea karibu, akateremsha sauti. "Mama. Wale watoto wa mtumishi, wataruka lini?"

"Jumapili, Mungu akipenda."

"Basi panda uongeze fundo moja."

*

Redio ilitangaza kwamba rangi ya bluu ni ushahidi wa maendeleo, na Waziri akapokea pongezi kwa niaba ya ndege. Mkurugenzi alimwaga petroli yake kwenye dumu, akaamua kuanza na ile miti kumi na miwili, Jumatatu bila kukosa.

Jumapili, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa kijito, kinda wa kwanza alitoka mlangoni, akaning'inia, akasita, akajitupa. Alianguka hatua mbili, akakumbuka ana mabawa, akapanda. Wa pili hakusita hata kidogo. Afande Sijaona aliandika: "Wategemezi wawili wametoka. Hawakuulizwa vitambulisho." Halafu akageuka upande ajifute macho, akasingizia vumbi, msitu umelowa vile. Chausiku yeye hakusingizia kitu. Alilia waziwazi kwa furaha, huku akiandika.

Kisha akainuka, akapangusa sketi, akashika njia ya mjini. Mama Semeni alikuwa ndiyo anapanga dagaa zake.

"Mama Chausiku, asubuhi yote hii! Nikupe nini?"

"Nipe mifuko kumi na miwili."

Mama Semeni aliinama chini ya meza. "Kumi na miwili! Una shughuli nyumbani?"

"Nina ndege," alisema Chausiku. "Changanya rangi."